Ua la Mwituni Halitaki Kudekezwa

Swali tunaloulizwa zaidi kitaluni si la rangi wala la mbolea. Watu huuliza: "Mbona mbegu nilizookota porini hazioti?" Wamezisia vizuri, wamezimwagilia, wamengoja mwezi mzima, na udongo umebaki vilevile.

Mara nyingi mbegu hizo hazijafa, zinasubiri. Mahindi yamechaguliwa na wakulima kwa maelfu ya miaka yaote upesi na kwa pamoja. Mbegu ya porini haina mkulima. Zote zingeota kwa mvua ya kwanza, kisha jua likakaza, ukoo mzima ungetoweka. Ndiyo maana huota kwa zamu, nyingine mwaka huu, nyingine baada ya miaka kadhaa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kuliingiza ua la asili bustanini ni kujua kinachoiamsha mbegu yake. Nyingi za jamii ya mikunde zina ganda lisilopitisha maji. Zisugue kwa msasa mpaka ganda lichubuke, kisha ziloweke usiku kucha. Zilizovimba asubuhi zimekubali. Zilizobaki ndogo zirudishe kwenye msasa. Mbegu nyingi za nchi zenye majira ya baridi huhitaji wiki kadhaa za unyevu katika nyuzi joto 5 hivi, kazi ambayo friji huifanya bila taabu. Nyingine husubiri moto. Mwaka 1990 watafiti wa Afrika Kusini, de Lange na Boucher, walionyesha kwamba moshi wenyewe, bila joto la moto, huweza kuamsha mbegu. Mwaka 2004 wanasayansi wa Australia wakatambua kemikali inayohusika, ambayo leo huitwa karikini. Siku hizi vitalu huloweka mbegu za aina hiyo katika maji yaliyopitishwa moshi. Mimi huipenda harufu yake, ingawa wenzangu hukimbilia kufungua madirisha.

Ukikusanya mbegu porini, omba ruhusa, using'oe mmea, na usichukue zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo. Sisi hulenga kukusanya kutoka mimea mama 50 au zaidi. Mmoja huvumilia ukame, mwingine huchelewa kuchanua. Tofauti hizo ndizo huifanya bustani ikae na rangi kwa muda mrefu, na ugonjwa mmoja usiifagie yote.

Kisha huja uchaguzi wa mimea ya kuendeleza, na hapa nafsi hunisuta kidogo. Kuukataa mmea unaolala chali kila upepo ukivuma si kosa, wala kukuza wenye rangi iliyokolea. Lakini maua yenye petali tabaka kwa tabaka, yale yanayopendwa sana, mara nyingi yamezipata kwa kupoteza stameni, yaani sehemu za ua zinazotoa chavua. Nyuki hutua, hupekua, huondoka bila chavua. Na umaarufu bustanini haulindi mmea porini. Saintpaulia, mmea mdogo wa maua, ilitoka milima ya Usambara, ikapewa jina la kisayansi mwaka 1893, na sasa inapandwa vyunguni duniani kote. Ilhali baadhi ya aina zake za porini ziko hatarini kwa sababu misitu yao imekatwa.

Kuhusu udongo, uache ulivyo. Ukiurutubisha, wanaonufaika kwanza ni nyasi na magugu, na maua hurefuka mpaka yakaanguka. Jasho lako litumie kuyamaliza magugu kabla ya kusia, hata kama itakula msimu mzima. Mwagilia mpaka mizizi ishike, kisha punguza.

Kuna wiki ambazo bustani hii itaonekana imekauka na kuchakaa. Vumilia, vikonyo vinakomaza mbegu za msimu ujao. Ukifyeka mapema, utasia upya. Kama majirani wananung'unika, kata ukanda mwembamba wa nyasi pembezoni, ulionyooka. Ukingo nadhifu huwaambia kwamba vurugu iliyo ndani imekusudiwa.