Je, wajua kwa nini imatinib haizimi kila kinasi mwilini?

Mwili wa binadamu una kinasi zaidi ya 500, yaani vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini, na karibu zote hutumia ATP ileile, molekuli ya nishati ya seli, kama chanzo cha fosfeti. Imatinib, kidonge cha saratani ya damu aina ya CML, huingia kwenye tundu hilohilo la ATP. Mbona basi haizimi zote?

Jibu ambalo wengi tulilimeza shuleni ni la ufunguo na kufuli: dawa imechongwa iingie kwenye tundu la adui peke yake. Tatizo ni kwamba tundu la ATP linakaribia kufanana kwa kinasi zote, kwa kuwa ATP ni moja. Kwa muda mrefu wakemia wengi waliona kulilenga ni kupoteza wakati. Kwa hesabu ya kufuli, imatinib ingekuwa sumu ya mwili mzima.

Kinachosahaulika ni kwamba kinasi hujikunja na kujikunjua. Chukua viti vya kukunja kwenye basi. Vikiwa wazi vyote ni sawa, yeyote anakaa. Vikikunjwa, kila kimoja kina mkunjo wake, na nyuma ya hiki hubaki mwanya ambao kile hakina. Imatinib ni kabari ya mwanya huo: husubiri ABL, kinasi inayoilenga, ijikunje, kisha huizuia isikunjuke. BCR-ABL, umbo la ABL linalosababisha CML na kuzaliwa kromosomu 9 na 22 zikibadilishana vipande, ni mchapakazi asiyejua kuacha, lakini hata yeye hujikunja mara mojamoja. Hapo ndipo hunaswa.

Mfano wa kiti una kikomo. Src, kinasi ndugu wa ABL, ikigandishwa kuwa fuwele ili umbo lake lionekane, hujikunja karibu vilevile ikiwa na imatinib, ila dawa huishika kwa unyonge wa zaidi ya mara 1,000. Sababu bado inabishaniwa. Tena imatinib hushika kinasi nyingine pia, KIT na PDGFR, usaliti uliogeuka tiba ya GIST, uvimbe wa njia ya chakula.

Molekuli ya mwanzo iliyozaa imatinib, iliyotengenezwa Basel, Uswisi, ilizima pia kinasi nyingine, kinasi C ya protini. Kaboni moja yenye hidrojeni tatu, ikibandikwa pembeni ya pete ya atomi, iliipinda molekuli ikakoma kuingia huko. Kaboni moja tu! Kisha ikaongezwa pete ya piperazini ili iyeyuke vizuri zaidi majini. Dozi ya kawaida ni miligramu 400 kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, maana huchokoza tumbo.

Lakini saratani nayo hujibu. Herufi moja ya DNA ya BCR-ABL ikibadilika, asidi amino ya nafasi ya 315 hugeuka kutoka threonini kuwa isolusini: bondi ya hidrojeni iliyoishikilia dawa hupotea, na mdomo wa mwanya huzibika. Hapo kuongeza dozi hakusaidii. Ponatinib, dawa nyingine iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, hupenya kwa sababu kiungo chake cha kati ni kaboni mbili zenye bondi ya utatu, chembamba na kilichonyooka kama sindano.