Kupima tetrasaiklini kwenye maziwa kwa mwanga wa europiamu

Wafugaji wa Meru na Machame wanaiita OTC: oksitetrasaiklini, antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini, sindano inayochomwa kwa karibu kila homa ya ng'ombe. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, inaruhusu hadi mikrogramu 100 za dawa hii kwa lita ya maziwa. Kuchemsha hakuitoi yote, hivyo lazima ipimwe kabla maziwa hayajachanganywa kwenye tangi.

Ninachokipendekeza ni nukta za kaboni (chembe ndogo mno zinazong'aa) za asidi ya sitriki zilizobebeshwa metali ya europiamu. Peke yake, europiamu hunyonya mwanga kidogo mno. Tetrasaiklini ikishikamana nayo, huinasia mwanga wa urujuanimno na kuipa nishati, nayo europiamu inatoa mwanga mwekundu wa nanomita 616 hivi. Nukta zenyewe zinatoa bluu, na bluu hiyo hufifia dawa inapoongezeka. Pima uwiano wa nyekundu kwa bluu, maana nyekundu peke yake huyumba taa ikichoka.

Kazi ngumu iko kwenye maziwa yenyewe. Kalsiamu na kasini (protini ya maziwa) huishika dawa, kwa hiyo anza na asidi: maziwa mililita 2, asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 20 mililita 1, tikisa, zungusha kwenye sentrifuji dakika 10, chuja. Kisha zimua mara 10 kwa bafa (mmumunyo unaotuliza pH) ya Trisi na urekebishe pH iwe 8. Usiguse bafa ya fosfeti, kwa sababu europiamu itaganda nayo na kuzama chini. EDTA, kemikali inayoshika metali, nayo inaipokonya dawa europiamu yake. Maji yawe yaliyokenekwa tu. Ya bomba na visima vya Arusha yana fluoridi nyingi kutoka miamba ya Meru, nayo pia huiteka europiamu.

Baada ya kuzimua, mikrogramu 100 zimebaki karibu 7 kwa lita. Kwa kiwango hicho siamini macho wala picha ya simu, tumia fluorimita, kifaa kinachopima mwanga huo. Viwango vya kulinganishia (mikrogramu 0, 50, 100, 200 kwa lita) viongezwe kwenye maziwa ya ng'ombe asiyetibiwa, vipitie hatua zilezile, na dawa yake ikae gizani kwenye baridi kwa kuwa mwanga huiharibu.

Kihisi hiki hakioni penisilini. Ng'ombe aliyewekewa tyubu ya kiwele, ambayo huweza kuwa na penisilini, maziwa yake yapelekwe kwenye kipimo cha bakteria Geobacillus stearothermophilus, nyuzi 64, takribani saa 3. Rangi ikigeuka njano, bakteria wamekua. Ikibaki zambarau, dawa ipo.