Sheria ya Coogan ni nini, na hela ya mtoto anayeigiza inaenda wapi

Kwa kifupi, Sheria ya Coogan ni sheria ya jimbo la California kule Marekani inayosema hela anayolipwa mtoto kwa kuigiza ni ya mtoto, sio ya baba wala mama, na asilimia 15 ya malipo yake, tena kabla ya makato yoyote, lazima iingie kwenye akaunti iliyofungwa ambayo haiguswi mpaka afikishe miaka 18. Utasema si ndo inavyotakiwa, sasa sheria ya nini? Zamani haikuwa hivyo kabisa.

Jina limetoka kwa Jackie Coogan, aliyezaliwa Los Angeles 1914. Mwaka 1921 aliigiza na Charlie Chaplin kwenye filamu ya The Kid, yule dogo aliyevaa kofia kubwa inampwaya na suruali ya mtu mzima, na dunia nzima ikamjua. Inakadiriwa utotoni aliingiza dola milioni 3 mpaka 4, enzi hizo! Mei 1935 baba yake akafariki kwenye ajali ya gari, Jackie mwenyewe alikuwemo humo na ndo peke yake aliyetoka hai. Oktoba mwaka huohuo akatimiza miaka 21, umri wa kukabidhiwa chake, akasubiri, kimya. Mama akaja kuolewa na Arthur Bernstein, meneja wa fedha zao, na 1938 Jackie akaamua kwenda mahakamani. Alichojibiwa na upande wa mama ni kwamba kila anachochuma mtoto kabla ya miaka 21 ni mali ya wazazi, na eti yeye mbele ya kamera alikuwa anacheza tu. Na kisheria walikuwa sahihi, hilo ndo linalouma. Kesi ikaisha kwa kuelewana, akaambulia kama dola 126,000.

Ili uelewe hali ilivyokuwa, angalia studio za wakati ule, watoto na mbwa walikuwa wanaajiriwa pamoja, mara nyingi kwenye filamu moja. Baby Peggy, naye mtoto nyota wa enzi hizo, alianza hajafikisha hata miaka mitatu, kwenye filamu fupi za studio ya Century akiigiza na mbwa anaitwa Brownie. Malipo ya mbwa anachukua mwenye mbwa, sawa, mbwa hana matumizi ya hela. Malipo ya mtoto anachukua mzazi, utaratibu uleule, ila mtoto anakua na siku moja atahitaji kula na kulipa kodi ya nyumba. Peggy alifikia kulipwa zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, halafu ukubwani hana kitu, ikabidi arudi studio kama ekstra, yule wa kupita tu nyuma. Kwangu mimi huo ni wizi, hata kama sheria iliuruhusu.

Kelele za kesi ya Jackie ndo zikazaa sheria ya kwanza, 1939. Tatizo ilikuwa na tundu kubwa, ilishika tu mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa, mingine yote ikapita pembeni. Shirley Temple, naye aliyekuwa nyota utotoni, alivyokuja kukagua hesabu zake akiwa mtu mzima alikuta kwenye zaidi ya dola milioni 3 zimebaki 44,000 hivi.

Tundu lilizibwa Januari 2000. Siku hizi mkataba ukisainiwa mzazi anafungua hiyo akaunti, anampa mwajiri uthibitisho, na mwajiri ndo anaweka hela moja kwa moja, haipitii mkononi mwa mzazi. Dogo akilipwa dola 10,000, basi 1,500 zinaenda kulala benki. Ile asilimia 85 iliyobaki nayo ni ya mtoto, ila mzazi ndo anaishika, na naona hapo bado pana mwanya mkubwa sana.

Sasa hivi sheria imeanza kuwafikia watoto wanaorekodiwa na wazazi wao kwa ajili ya mitandaoni, wale wa chaneli za familia, ambako mzazi ndo mwajiri na ndo mtunza hela. Illinois walianza Julai 2024 na California wakafuata 2025. Mtoto akionekana kwenye angalau asilimia 30 ya video za mwezi, mzazi anatakiwa amtengee sehemu ya mapato, na asipofanya hivyo mtoto akikua ana haki ya kumpeleka mahakamani.