Anza na Kinachosubiri

Kazi yangu ni kupanga ratiba za ujenzi hapa Nairobi. Ukipita Ruaka au kando ya Thika Road ukaona jengo limekwama, nondo zikichungulia angani, utaambiwa pesa ziliisha, na mara nyingi ni kweli. Lakini yapo majengo ambayo pesa zilikuwepo na mafundi walikuwepo, ila lifti iliagizwa wakati kuta zinapakwa rangi. Lifti husafirishwa kutoka ng'ambo kwa meli, ishuke Mombasa, ilipiwe ushuru, ndipo ipandishwe huku. Hiyo ni miezi. Hapo hata umlipe fundi mara tatu, hawezi kukuokoa.

Watu wanaoniuliza namna ya kutumia muda vizuri wengi wamekwama hivyo hivyo, ndiyo maana siwaambii waamke saa kumi usiku. Nairobi imeshaamka. Pita Marikiti saa hiyo uone akina mama mboga wanavyogombania viazi na sukuma wiki. Kama kudamka peke yake kungeleta mafanikio, Karen yote, mtaa wa matajiri, ingekuwa yao.

Sisi wapanga ratiba tuna hesabu moja tunayoitegemea. Ilianza kubuniwa mwaka 1957 na wataalamu wa kampuni mbili za Marekani, DuPont na Remington Rand. Unaorodhesha kila kazi, unaandika itachukua siku ngapi, kisha unauliza: hii inangoja ipi? Ukiziunganisha unapata minyororo kadhaa, na ule mrefu kuliko yote ndio unaoamua mradi utaisha lini. Kazi iliyo kwenye mnyororo huo ikichelewa siku moja, mradi wote umechelewa siku moja. Iliyo nje yake inaweza kusogezwa kiasi bila mtu kuumia. Msimamizi mzuri wa mjengo utamjua kwa hilo: anajua leo apigie kelele kazi gani, na ipi aiache.

Kisha kuna zege. Slabu humwagwa kwa siku moja, vijana wakitoka jasho kweli kweli, halafu kila mtu anangoja. Inamwagiwa maji angalau siku 7, na nguvu za zege lake wahandisi huzipima likifikisha siku 28. Huwezi kulihimiza. Mambo ya mtu binafsi nayo yako hivyo: yapo yanayotaka jasho, na yapo yanayotaka kalenda. La jasho utalifidia kwa kukesha. La kalenda ukilichelewesha, limechelewa.

Mpwa wangu alikuwa akitafuta kazi serikalini. "Mjomba, mwezi mzima sijapumzika," aliniambia, na hakuwa akidanganya. Wasifu wake alikuwa ameuandika upya mara nyingi, amebadilisha hadi aina ya herufi. Cheti cha tabia njema? Bado. Barua ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi? Bado. Kujaza ombi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kwenda kuchukuliwa alama za vidole hakumalizi siku ya mtu, lakini baada ya hapo karatasi iko mikononi mwa wengine, nawe huna la kufanya ila kungoja. Hiyo ndiyo ilikuwa lifti yake. Wasifu angeupamba huku akingoja.

Kwa hiyo jambo lolote ambalo ukishalianzisha linaendelea bila wewe, lianzishe kwanza, hata kama bado halijakubana. Usajili wa mtihani wa uhasibu wa KASNEB. Ombi la pasipoti. Hati ya kiwanja. Hata miche ya parachichi kule nyumbani mashambani, maana ile ya kupandikizwa nayo inataka miaka mitatu hivi kabla hujavuna cha maana.

Makadirio ndiyo yanayotuangusha zaidi. Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu. Walipoulizwa watamaliza lini, walikadiria wastani wa siku 33.9. Wakaombwa wakadirie tena, safari hii wakichukulia kwamba kila kitu kitaharibika: siku 48.6. Walimaliza kwa wastani wa siku 55.5. Yaani hata hofu yao ilikuwa na matumaini kupita kiasi.

Mimi sikubali fundi aniambie kazi itachukua siku ngapi kabla hajaniambia ile ya mwisho ya aina hiyo ilichukua ngapi. Jiulize vivyo hivyo. Mkaazi wa Rongai anaijua vizuri safari ya mjini Jumatatu asubuhi mvua ikinyesha, lakini akiweka miadi anahesabu safari ya Jumapili. Katika ratiba zangu za Aprili na Novemba, siku za mvua naziandika waziwazi kama kazi inayojitegemea, kwa sababu masika na vuli hazijawahi kuwa siri. Anayesoma jioni naye aziandike siku za msongamano, za matanga, za harambee, za mtoto kuugua. Sijaona mwezi wa Nairobi uliokosa zote.

Ila tahadhari: muda wa akiba huliwa. Mwandishi Mwingereza, Parkinson, aliandika katika jarida la The Economist mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliopewa, na anayetaka ushahidi aende saiba yoyote, duka la intaneti, ya mjini wiki ya mwisho ya Juni. Ripoti ya kodi ya KRA unaweza kuijaza tangu Januari, lakini foleni utaikuta tarehe 30 Juni, watu wakikimbia faini inayoanzia shilingi 2,000. Kwenye mjengo mimi huificha akiba: fundi nampa tarehe ya mapema kuliko ile iliyo kwenye karatasi yangu. Kuificha usiione wewe mwenyewe ni vigumu zaidi, kwa hiyo mtangazie tarehe mtu asiye na haya ya kukuuliza.

Najua anayeingia kiwandani Industrial Area saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni ataona nimeshiba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku moja ya mapumziko kati ya saba, na hiyo ina nguo za kufua, kanisa na chama. Lakini mambo ya kalenda hayahitaji nguvu, kwa hiyo ni yeye yanayomfaa zaidi. Nakutana na waashi hodari wanaolipwa kama vibarua kwa kukosa cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Ufundi wanao, ila mtihani una misimu yake na usajili una mwisho wake. Wengi huniambia watafanya mazoezi kwanza, kisha wajisajili. Mimi nawageuzia: jisajili saa ya chakula cha mchana, na ile miezi ya kungoja ndiyo iwe ya mazoezi, pale pale kwenye ukuta unaolipwa kuujenga.