Kiwango cha uhalifu si idadi ya matukio

Kila wanafunzi wanapoanza kutafuta vyumba vya kupanga hapa Mbeya, madalali na wenyeji huanza kuyagawa maeneo: huku "kiwango cha uhalifu kiko juu", kule "kiko chini, kaa tu bila wasiwasi". Utayasikia hayohayo kwenye mkutano wa mtaa na kwenye redio za hapa mjini. Karibu kila mara msemaji hana kiwango chochote. Ana matukio aliyoyasikia, labda mawili ya wiki hii na moja la mwaka jana ambalo watu hawajalisahau.

Kiwango cha uhalifu ni idadi ya matukio yaliyoripotiwa katika kipindi fulani, ikagawanywa kwa idadi ya watu wa eneo husika, kisha ikazidishwa, mara nyingi kwa 100,000, ili mji mdogo na mkubwa iweze kulinganishwa. Ni sehemu kama zile za shule ya msingi, juu kiasi na chini asili. Watu wanataja kiasi, asili wanaiacha.

Na asili ndiyo inayobadilisha kila kitu. Sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Mbeya na watu 385,279. Ile ya 2022 ililikuta na watu 541,603, ongezeko la takribani asilimia 40. Tuseme, kwa mfano tu, mwaka 2012 jiji zima liliripoti wizi 800 na mwaka 2022 likaripoti 1,000. Atakayesimama mkutanoni atasema wizi umeongezeka kwa robo nzima, na kwa idadi atakuwa amesema kweli. Lakini kiwango kitakuwa kimeshuka, kutoka kama 208 hadi kama 185 kwa kila watu 100,000. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, ila ni la pili tu linaloitwa kiwango. Kwenye ngazi ya mkoa ni hatari zaidi. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, ukaondoka na Tunduma, mpaka wake na foleni zake za malori. Anayechukua takwimu za Mkoa wa Mbeya za kabla ya hapo na kuzilinganisha na za leo, halafu akatangaza kwamba uhalifu umepungua, analinganisha mikoa miwili tofauti yenye jina moja.

Linaloniuma kuliko yote ni jinsi tunavyoyahukumu maeneo ya masoko. Sensa ya 2022 ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Sasa ifikirie Mwanjelwa, au Kabwe pale daladala zinapopishana. Mchana kuna muuza ndizi aliyetoka Tukuyu alfajiri, mnunuzi wa mitumba anayerudi Chunya jioni, mafundi, wapiga debe, wanafunzi, abiria. Hao wote walilala kwingine, na kwenye hesabu ya waliolala hapo hawamo. Lakini mmoja wao akichomolewa simu, tukio linaandikwa la pale. Kiasi kinabeba watu wa mchana, asili inabeba watu wa usiku. Ukigawanya namna hiyo, eneo lolote la soko au stendi duniani litaonekana limeoza, na mtaa wa makazi usio na biashara utaonekana mtulivu hata kama nyumba zake zinavunjwa watu wakiwa kazini. Mama anayeishi jirani na soko na kulea watoto wake pale anabebeshwa sifa mbaya iliyotengenezwa na kugawanya vibaya. Sifa hiyo ina gharama: bodaboda wa usiku anaongeza nauli na mpangaji anashusha bei ya chumba.

Kwenye mitaa midogo tatizo linageuka. Nyumba tatu zikivunjwa mwaka huu na sita mwaka unaofuata, hilo ni ongezeko la asilimia 100, na pengine ni kundi moja la vijana lililopita wiki moja. Kwa idadi ndogo hivyo, taja nyumba sita. Asilimia itawatisha watu bure.

Kiasi chenyewe nacho si uhalifu wote. Ni ule uliofika kituo cha polisi ukapewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa. Kijana akikamatwa na kuku wa jirani, mara nyingi yanaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, wazazi wanalipa. Aliyeporwa simu na anayetaka laini yake haraka huenda akachukua ripoti ya upotevu, na wizi ukageuka kuwa mali iliyopotea. Kwa upande mwingine, kesi za bangi na gongo huongezeka pale polisi wanapofanya misako, kwa hiyo kupanda kwa namba hizo kunaweza kuwa ni kazi iliyofanyika. Halafu kuna jambo zito: wananchi wenye hasira wakimuua mtu kwa kumtuhumu wizi, wizi huo huenda usiandikwe kabisa, lakini mauaji yanaandikwa, tena kwa haki. Mtaa unaojisifu kwamba "hapa mwizi hatoki" umeondoa simu moja kwenye hesabu na kuongeza roho ya mtu.

Na kiwango cha mauaji nacho hakikwambii kama unaweza kupita njia fulani saa tatu usiku. Mauaji mengi yanayotangazwa huku kwetu yanahusishwa na wivu wa mapenzi, ugomvi wa mashamba, imani za kishirikina. Katika hayo, mara nyingi aliyeua na aliyeuawa walikuwa wanajuana. Kukabwa njiani ni jambo jingine, na sheria nayo inayatenganisha. Wizi ni kuchukua. Unyang'anyi ni kuchukua kwa nguvu au vitisho, na ukihusisha silaha, panga likiwemo, adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kuyamwaga yote kwenye kapu moja liitwalo "uhalifu" kunamnyima mpangaji habari anayoitafuta.

Kwa hiyo mdogo wako akikupigia kuuliza achukue chumba wapi, usimwambie eneo fulani lina kiwango cha juu kama huna hesabu ya juu na ya chini. Mwambie unachokijua: kwamba kwenye kichochoro kile taa hazipo, kwamba waliokabwa walikabwa alfajiri wakiwahi basi, kwamba nyumba zilizovunjwa hazikuwa na mtu mchana. Na akikujibu kwamba dalali amemhakikishia kiwango kiko chini, muulize kwa upole: cha kosa gani, mwaka gani, kwa watu wangapi?