Dodoma kwenye safu ya miji: tusome idadi pamoja na mipaka

Tangu matokeo ya Sensa ya 2022 yatoke, watu wengi hapa Dodoma wananiuliza kama tunaikaribia Dar es Salaam. Kazi yangu ni takwimu za watu, na swali kama hilo hulijibu kwa kuipanga miji yote kwa ukubwa, kisha kupima pengo kati ya mmoja na unaoufuata.

Mwaka 1913 Mjerumani Felix Auerbach alionyesha kwamba miji ya nchi ikipangwa hivyo, wa pili huelekea kuwa nusu ya wa kwanza, wa tatu theluthi, wa nne robo. Kwetu Bara kanuni hiyo inavunjika pale juu kabisa. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wapatao 273,000. Wa pili ulikuwa Tanga, mji wa mkonge, wenye 61,000 hivi: Dar es Salaam ilikuwa mara nne na nusu yake. Mkonge ukaporomoka, Mwanza ikaipita Tanga. Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa zaidi ya mara sita ya Mwanza, ukijumlisha wilaya zake mbili, Nyamagana na Ilemela. Mwaka 2022, ikiwa na watu 5,383,728, ni karibu mara tano. Wa pili amebadilika, pengo halijazibika.

Dodoma ilitangazwa makao makuu 1973, lakini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam hadi serikali ilipoanza kuhama kweli kweli baada ya 2016. Kutoka watu 410,956 mwaka 2012 tumefika 765,179, na kwenye orodha tumeipita Arusha yenye 617,631.

Hapo ndipo ninaposita. Jiji la Dodoma kiutawala lina zaidi ya kilomita za mraba 2,500. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anahesabiwa mkazi wa jiji sawa na mpangaji wa Area C. Arusha, kinyume chake, imebanwa na mipaka yake; nyumba zimeshamwagikia wilaya za jirani, na wakazi wake hawamo kwenye hesabu ya jiji. Kwa hiyo sithubutu kusema mji wetu, kwa maana ya makazi yaliyoshikana, ni mkubwa kuliko wao. Kasi ya kukua siitilii shaka: nenda Nzuguni, Iyumbu au Mtumba ujionee. Ila kwa safu ya miji, ningetaka tuhesabu kata kwa kata, tukitenga zile ambazo bado ni mashamba, hata kama Dodoma itashuka nafasi.