Kabla hujawabeba kuku waliotelekezwa

Chakula cha kuku kikipanda bei, simu za aina moja huanza kuingia ofisini kwetu, ofisi ya mifugo. Jirani kafunga banda akasafiri, kuku wanalia tangu juzi. Au mtu kakutana na kuku wa mayai waliochoka pembeni ya soko, wamefungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye pikipiki, akanunua sita kwa huruma. Nia ni njema na hatuna ugomvi nayo. Shida ni kwamba simu yenyewe hupigwa siku ya nne, wawili wameshakufa, na kuku wa kienyeji waliokuwepo nyumbani wameanza kuhara kijani.

Tuanze na umiliki, kwa sababu hapo ndipo wengi hujiponza. Kuku aliyetelekezwa ana mwenyewe. Ukiruka ukuta ukawatoa, hata kama walikuwa hoi, mwenye banda akirudi anaweza kukushtaki kwa wizi, na ukubwa wa huruma yako hautapunguza maelezo utakayoandika polisi. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na kwa afisa mifugo wa kata. Waende pamoja, wahesabu kuku walio hai na waliokufa, waandike hali ya maji na chakula waliyoikuta, kisha mwenyewe atafutwe kwa simu. Akikubali kuwaachia, yaandikwe makabidhiano: idadi, tarehe, majina, saini za pande mbili, shahidi mmoja na muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi ya daftari inatosha, si lazima ichapwe. Kila upande ubaki na nakala yake, na moja ibaki kwa afisa mifugo.

Akikataa, au asipopatikana, suala linakuwa la mkaguzi wa ustawi wa wanyama, chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008. Sheria hiyo inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia, na kuku yumo, ingawa bado kuna wanaocheka tukisema hivyo. Kumnyima mnyama chakula na maji ni kosa, na adhabu yake ni faini au kifungo. Jambo wasilopenda kulisikia wengi ni hili: sheria hiyohiyo inakuhusu wewe tangu dakika unapowapokea. Ukichukua thelathini na uwezo wako ni kumi, umelihamisha kosa kutoka banda la jirani kulileta kwako.

Kama kuku wanavuka wilaya, tuseme kutoka Uyole kwenda Makambako, utahitaji kibali cha kusafirisha mifugo. Msingi wake ni Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Afisa wa kule wanakotoka ndiye anayekagua kwanza, ndipo unapata kumbukumbu namba, unalipa, unaondoka na kibali mkononi. "Nilikuwa nawaokoa" si kibali. Na wasafiri kwenye tenga, wamesimama, si kwa kufungwa miguu kama walivyokuja sokoni.

Sasa bandani. Kuku wapya wakae mbali na wa zamani kwa siku 21 au zaidi, na mbali maana yake si upande wa pili wa wavu. Wawe na ndoo yao, nawe uwe na viatu vya kuingilia kwao tu, na uwahudumie mwisho baada ya kuwamaliza wale wazima. Sababu kubwa ni kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo: kuku anaweza kukibeba siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili. Kuku wako wa zamani wawe wamechanjwa wiki mbili kabla wageni hawajaja. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani unganeni. Wageni walio dhaifu wasichanjwe mpaka wapate nguvu.

Kuhusu pilipili na shubiri kwenye maji: hapana. Tumeshasema hapana kwenye mikutano ya kata, tumesema redioni, na kila msimu naletewa kuku anayekata roho huku maji yake ni mekundu kwa pilipili. Kideri ni kirusi. Hakina dawa, kina chanjo. Antibayotiki nazo hazikitibu, na kumpa kuku mwenye njaa antibayotiki siku ya kwanza "kwa tahadhari" ni kumwongezea mzigo.

Mwaka juzi mama mmoja wa Kihesa aliniletea kuku amemfunika kwa kitenge. Alitaka sindano. Nilimwomba kwanza apitishe kidole kwenye mfupa wa kidari. Akaugusa, akautoa mkono haraka, maana mfupa ulisimama kama mgongo wa kisu, nyama hakuna upande huu wala ule. Upanga wa kichwani ulikuwa umepauka na kulala. Mgongoni hakukuwa na unyoya, ngozi imekuwa nyekundu na ngumu, na chini ya mkia chawa walikuwa wanatembea mchana kweupe. Huyo hakuhitaji sindano. Alihitaji maji, joto, chakula kidogokidogo, na dawa ya unga ya chawa.

Maji huja kwanza. Kuku aliyetoka kwenye keji, yaani kizimba cha waya, amezoea kugonga chuchu ya bomba, kwa hiyo anaweza kufa kwa kiu mbele ya beseni lililojaa. Mchovye ncha ya mdomo, taratibu, mara mbili tatu, mpaka ainue kichwa na kumeza. Chakula kiwe kilicholoweshwa, kiasi cha kiganja, mara nne au tano kwa siku. Ukimmwagia mahindi makavu kuku aliyefunga siku tatu, atajaza mfuko wa shingoni na chakula kitakwama humo.

Na yale mahindi yenye ukungu mliyoyatenga kwa sababu binadamu hawezi kuyala, kuku naye hawezi. Sumukuvu inashambulia ini, na huyu ini lake limeshachoka.

Siku za mbele mpe chakula cha kuku wanaotaga chenye protini asilimia 16 au 17, uongeze dagaa waliosagwa na mashudu ya alizeti, kwa sababu manyoya anayotakiwa kuyaotesha upya ni protini karibu yote. Soya ikaangwe au ichemshwe kwanza. Chokaa ya mifugo iwekwe kwenye chombo chake, ale anapohitaji. Ganda la yai moja hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu, na chakula kisipoitosheleza kuku huichota kwenye mifupa yake. Ndiyo maana wengi wanaotoka kwenye mabanda ya biashara huvunjika mguu wakishikwa vibaya. Mbebe kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini.

Baridi ya Juni na Julai huku kwetu haina huruma na kuku asiye na manyoya. Ziba upande wa upepo kwa viroba, acha nafasi juu ya kupumulia, tandika maranda makavu kwa kina cha vidole vinne. Wakazi wa Mufindi na Njombe hamna kisingizio cha maranda. Vumbi la msumeno msilitumie, linaingia kwenye mapafu. Jiko la mkaa ndani ya banda lililozibwa linaua kuku wote usiku mmoja, na linaweza kumuua na aliyeingia kuwaangalia. Niliulizwa pia na mtu wa Makete kama amfumie kuku sweta, aliona picha za Uingereza. Asimfumie. Sweta linaficha chawa na linaumiza manyoya machanga yanayochomoza.

Wapo watakaokufa hata ukifanya yote haya, hasa wiki ya kwanza. Fukia kwa kina au choma, usimpe mbwa, usitupe korongoni. Wakifa kadhaa kwa siku moja au mbili, simamisha kila kitu, usihamishe kuku yeyote, piga simu kwa afisa mifugo siku hiyohiyo. Hatuji kukutoza faini kwa kutoa taarifa. Faini ni ya anayeficha akauza waliobaki.

Swali la "watataga lini" huulizwa kabla ya swali la maji. Kunyonyoka na kuota manyoya upya huchukua miezi miwili hadi mitatu, na katika muda huo mayai yasitarajiwe. Baadaye atataga machache, makubwa kidogo. Kama alipewa dawa, soma kibandiko uone siku za kusubiri, na mayai ya siku hizo yafukiwe, asipewe hata mtoto wa jirani.

Yule mama wa Kihesa alirudi baada ya miezi minne, safari hii bila kuku. Alisema alimkuta amelala ubavu kwenye majivu na mchanga, anajirushia vumbi mgongoni, akadhani amekufa. Ana manyoya mapya na ametaga mayai mawili. Akauliza kama anaweza kumpeleka kwa dada yake Njombe. Anaweza. Kibali cha kusafirisha, kama nilivyoeleza hapo juu.